Nyenje Aliyekuwa Ndani ya Wimbo

Nilifika Haydom nikiwa nimepakata kompyuta. Nilitoka Kilosa nikalala Dodoma, nikatoka Dodoma nikalala Singida, kutoka Singida nikaenda Katesh, na Katesh nikapanda basi linalopita Basotu, kwenye yale mashamba ya ngano unayoyatazama mpaka macho yanachoka. Mashine yangu nilikuwa nimeizungushia blanketi ili isiumie barabarani, nikaiweka mapajani njia nzima. Mzee aliyekaa jirani yangu alikuwa akilitazama lile blanketi muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kwa upole mtoto anaumwa nini. Ndugu zangu, basi lile nusu yake huwa ni wagonjwa wanaokwenda hospitali. Nikafunua akaona. Alicheka hadi akafuta machozi, akasema hao hawatibiwi kule. Kumbe mgonjwa alikuwa aliyepakata, na sote wawili hatukujua.

Mmenipa nafasi nishuhudie, nashukuru. Mliokaa nyuma, nikijibu jambo ambalo hamkuuliza mnisamehe, maana hiki kifaa cha sikioni kinasikia feni kuliko kinavyosikia watu. Majina sitataja. Wenyewe hawapo hapa kujitetea.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Tangu nilipomaliza kidato cha nne sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka minne, na sasa nina miaka arobaini na kitu. Kazi yangu ilikuwa kurekodi kwaya, hasa ile hatua ya mwisho ambayo mafundi tunaiita kumasta. Wimbo umesharekodiwa, sauti na kinanda vimeshapangwa, inabaki kuusawazisha na kuupa nguvu, ili ukipigwa kwenye simu au kwenye spika ya kanisani usikike vizuri. Ni kazi ya masikio. Mikono inafuata tu.

Kule, nyimbo zilikuwa zinahukumiwa mnadani. Siku ya mnada wa ng'ombe pale Basotu kuna muuza nyimbo mwenye spika kubwa, anapiga wimbo mmoja baada ya mwingine tangu asubuhi. Ukipigwa wa mjini uliokazwa vizuri, halafu ukafuata wa kwaya ya kijijini uliotulia, watu wanaona kama spika imeharibika. Mwenyekiti wa kwaya moja alinirudia na wimbo wao akiwa amenuna. Akaniambia, "Fundi, umetuimbisha tukiwa ng'ambo ya ziwa."

Nikaanza kukaza. Palipokuwa na ukimya nikapapandisha, palipokuwa na kilele nikapabana, mpaka wimbo mzima ukawa kimo kimoja kama shamba la ngano lililopitiwa na mashine. Walifurahi sana. Kwaya zikaja kutoka huku na huku, nami nikashinda na hedifoni kichwani kutoka chai ya asubuhi hadi giza, sauti juu. Wimbo ukinipendeza naongeza. Usiponipendeza, naongeza pia.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Kule salamu si mchezo. Mtoto akikusalimu shikamoo usipomwitikia, anakwenda kusema nyumbani. Na wewe ukimpita mkubwa kimya, habari zako zinafika kabla yako. Mimi nilikuwa napita barabarani watu wananisalimu na siwajibu. Walikuja chumbani kwangu wakapiga hodi, wakasimama, wakaondoka. Mimi nikasema moyoni, watu wa hapa hawapendi wageni. Wao wakasema fundi ana maringo. Mwaka wa pili hakuna aliyenialika hata uji. Sikukuu nilikaa peke yangu na nyimbo za watu, nawasikia wanawake arobaini wakiimba masikioni mwangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua nimekula au sijala.

Ndipo ikaja kwaya ya upande wa Masakta. Walikuwa na mama mmoja, umri wa mama yangu, ndiye aliyekuwa akizianzisha nyimbo zao zote. Yeye anaita peke yake, kunakuwa na kimya kidogo, halafu wenzake wanaitikia. Alikuwa na uvimbe shingoni na alikuwa akingoja kufanyiwa upasuaji. Alikuwa ameambiwa wazi kwamba sauti inaweza kubadilika. Kwa hiyo kwaya iliomba wimbo wake mmoja urekodiwe kabla. Alikuwa ameutunga mwenyewe alipofiwa na mume. Nikaenda nikaurekodi Jumapili jioni kanisani kwao, kanisa la matofali lenye nyufa, tukafunga milango upepo usiingie.

Nilirudi nikaufanyia kazi kwa moyo wote. Niliona sauti za juu, zile nyembamba, zimefifia, nikaziongeza. Nikaona bado, nikaongeza tena. Kisha nikaukaza kuliko wimbo wowote niliowahi kuugusa. Nilitaka mama yule asikike mpaka mlimani.

Alipasuliwa, akapona. Sauti ikatoka kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Kwao wakafanya siku ya shukrani, watu wakakaa uani, nami nikaitwa nije na spika yangu ili wimbo upigwe kwa mara ya kwanza. Nikasimama kando nimejaa fahari. Mama akaita, ukaja ule ukimya, na watu wakaanza kutazamana. Akaita tena, ukimya tena, na safari hii walicheka. Mwisho wa wimbo mwalimu wa kwaya akanisogelea.

"Fundi, huyu nyenje umemweka wewe au ameingia mwenyewe?"

"Nyenje gani?"

Wakacheka zaidi wakidhani nafanya utani. Mimi nilikuwa nauliza kweli. Nikarudisha wimbo mwanzo, nikasikiliza, sikusikia kitu. Nikasema hapa hakuna mdudu. Kicheko kikaisha, na nikaona nyuso zinabadilika, maana sasa nilionekana nawadharau, tena siku ya mama yao. Mama mwenyewe hakuwa amecheka. Alikuwa ananitazama tu.

Jina lilinitangulia kufika Haydom. Baba Nyenje. Vijana wa bodaboda walilitamka nikipita, na hilo nililisoma midomoni mwao. Kwaya hazikuja tena. Nikajifungia na ule wimbo, naupiga kutwa, sauti juu na juu zaidi, namtafuta mdudu ambaye kila mtoto wa Masakta alimsikia isipokuwa mimi. Ndugu zangu, sijawahi kuwa mpweke kama wiki zile. Hata nyenje alikuwa na watu wa kumsikia.

Siku moja asubuhi mkono ukanishika bega. Niliruka. Alikuwa yule mama, amekuja kliniki kuangaliwa kidonda. Nilisema shikamoo mama, midomo yake ikacheza, sikupata kitu. Akaniangalia ninavyoitazama midomo yake. Kisha akavuta stuli, akakaa uso kwa uso nami, akasema polepole:

"Mwanangu, husikii. Nimepiga hodi mara tano."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Hata mimi sikuwa nimejiambia. Nililia mbele yake kama mtoto, naye akangoja. Nilipomaliza akaonyesha kompyuta, akasema yeye hawezi tena kuuimba wimbo ule, kwa hiyo uliobaki ni huo ulio humo tu, na hataki mjukuu wake auzoee akicheka.

Tukapatana. Akimsikia nyenje anainua mkono. Asipomsikia anaushusha. Niliondoa hedifoni, nikapiga wimbo kwenye spika ndogo, sauti ya chini. Nikaanza kwa kulegeza kila nilichokuwa nimekaza, ukimya ukarudi chini mahali pake, mkono ukashuka nusu. Kisha nikaenda kwenye zile sauti nyembamba nilizozipandisha bila kuzisikia, nikakata kidogo kidogo huku nimemtazama yeye, si skrini. Mkono ukashuka, ukashuka, ukafika gotini. Mimi kwa tamaa ya fundi nikakata tena. Akatikisa kichwa.

"Hapo umeniua na mimi. Mrudishe kidogo. Alikuwepo siku ile."

Nikamrudisha. Mama akafumba macho akausikiliza wimbo mpaka mwisho, kidole kikipiga goti kila wenzake walipoitikia. Sijui nilichotengeneza kilisikikaje. Najua tu kwamba hakuinua mkono.

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kupimwa masikio. Niliambiwa kelele za miaka mingi zimeharibu usikivu wa sauti za juu, kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitunzwe, na hedifoni niziache. Kwa hiyo kazi ikaishia hapo. Kabla ya kuondoka nilizungukia kwaya nne zilizokuwa tayari kunipokea, nikazirekebisha nyimbo zao kwa njia ile ile, watu wa kwaya wakiwa wamekaa mbele yangu na mikono yao. Mwenyekiti yule wa ng'ambo ya ziwa alihofia mnada. Nikamwambia muuza nyimbo ana kitufe cha kuongeza sauti, anayetaka zaidi akizungushe. Akafikiri, akasema basi, wakituuliza tutawaambia waje karibu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, na mwalimu wa kwaya aliyekuja kuniomba radhi wakati mwenye kosa nilikuwa mimi, na wale waliojifunza kunisalimu wakiwa mbele ya uso wangu. Mimi sina elimu ya kuwafundisha. Ila kama unaona kila kitu kinafifia, kabla hujaongeza sauti, muulize aliye karibu nawe anasikia nini. Na kama watu wameacha kukujibu, huenda ni wewe uliyeanza.

Kompyuta nilimwachia mwalimu wa kwaya. Blanketi ninalo hadi leo. Siku niliyoondoka mama alikuja stendi ya Haydom asubuhi, na baridi ile mnayoisikia kwa jina tu. Nikamwambia shikamoo, nikaisoma marahaba midomoni mwake. Nikapanda, nikakaa dirishani, mapajani hakuna kitu. Dereva akaweka nyimbo, ukaja ule wimbo wa mama. Nilijua kwa sababu wanawake wa viti vya mbele walianza kuitikia. Nikageuka kumtazama mama pale chini. Alikuwa ameinua mkono. Sikujua ananiaga au anamsikia nyenje. Nikasubiri aushushe, na basi likakata kona akiwa bado ameuinua.