Tuliombea Vali Tu

Wapendwa, jina la Bwana lihimidiwe! Wengi mnanijua, mimi ni Baba Neema, fundi wa boti pale Kibirizi. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa mautini, na jinsi nilivyokaribia kumkatalia.

Ndugu zangu, nilifika mahali nikipanda kutoka ufukweni nasimama njiani kama mtu anayetazama ziwa. Ziwa lenyewe nimeliona tangu utoto! Pumzi zilikuwa zimekwisha, kifua kinabana. Siku moja nikaanguka nyundo ikiwa mkononi. Hospitali wakasema vali moja ya moyo imekakamaa, damu haipiti vizuri, niende Dar es Salaam nikapasuliwe. Mkafunga na kuiombea vali hiyo, mkanisindikiza hadi stesheni kwa nyimbo. Niliondoka na amani.

Kule daktari akasema kabla ya upasuaji lazima waangalie pia mishipa inayolisha moyo wenyewe, kwa kupitisha mrija mwembamba mkononi. Nikakataa. Nikamwambia kanisa langu limeombea vali, sina ugonjwa mwingine. Kumbe niliogopa, ndugu zangu. Wakikuta tatizo la pili, ninyi mliofunga nitawaambia nini? Niliona kupimwa tena ni kumtilia Mungu shaka. Daktari hakugomba. Alieleza kwamba wakibadilisha vali huku mishipa imeziba, moyo unaweza kushindwa kuamka pale pale mezani. Bado nikagoma, nikaomba nirudi nyumbani.

Mke wangu, niliyesafiri naye, alikuwa amekaa kando ya kitanda, anakunja kanga. Ndipo akaniuliza, "Baba Neema, mtu akikuletea boti ubadilishe ubao mmoja, unaupigilia kabla hujazigonga mbao za kando yake?"

Mnajua ninavyogombana na wateja wanaotaka kazi ya namna hiyo! Ubao mpya ukiupachika kando ya uliooza, boti inazama na misumari yake mipya. Nikamwita daktari, nikampa mkono apitishe mrija wake.

Mishipa miwili ilikuwa imeziba vibaya. Nililia, sitaki kuwaficha. Mke wangu akaomba, mimi nikaitikia tu. Wakanipasua mara moja kwa yote mawili: wakaweka vali mpya, wakachukua mshipa wa mguuni wakaupandikiza moyoni, damu ikapata njia nyingine. Nikaamka, haleluya!

Ndugu zangu, asanteni. Mungu alisikia maombi yenu, akaponya na tusichojua kukiomba. Yeye haogopi kipimo chochote, basi na sisi tumtumaini tukiwa tumelala kwenye kitanda cha daktari.

Baada ya ibada nitabaki hapa mbele. Kama kuna anayebanwa kifua na anaogopa kwenda hospitali, aje tuombe pamoja. Kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe, na nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.