Aliyemwachia Mlima Nafasi

"Nuzha, nani kakwambia unijazie?"

Hayo yalikuwa malalamiko ya marehemu Jiryis Salameh Rabadi, Abu Raji wetu, mlangoni kwangu, Juni 2017, breki za gari lake zikinuka mpaka jikoni. Mimi dada yake nikamjibu, "Watu wote wanalalamika wamepunjwa. Wewe peke yako unalalamika umejaziwa?"

"Nilisema themanini na tano!"

"Niliishia darasa la sita, lakini najua mia ni nyingi kuliko themanini na tano."

"Basi hiyo mia yako nusura immwage mumeo kwenye kona ya tatu!"

Mume wangu Mitri, huyo aliyenusurika kumwagwa, alikuwa nyuma yake akitafuta pa kukaa. Ugomvi huo nitaurudia, maana haukuisha siku ile. Kwanza niseme alikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Anjara mlimani, mtoto wa tatu wa Salameh na Wardeh. Mimi ni wa mwisho, na alinibeba mgongoni mpaka nikamzidi uzito. Alisoma shule ya parokia. Hesabu alifaulu, adabu alifeli: alifukuzwa wiki mbili kwa kuifungua kengele ya shule aone inalizwa na nini. Mwaka 1979 alianza kazi ya fundi kwenye kinu cha kukamua zeituni, kisha akaendesha lori kati ya Irbid na Aqaba, kule mwisho wa Jordan, kwa miaka ishirini na mbili.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Tamam. Siku ya posa, kahawa iliwekwa chini bila kuguswa mpaka ombi likubaliwe, kama ilivyo desturi. Baba mkwe alijivuta makusudi. Jiryis akamwambia, "Mzee, nipe au ninyime, lakini kahawa inapoa." Alipewa. Wakajaliwa watoto watatu, na kwa jina la Raji tukamwita Abu Raji, baba Raji.

Machi 2017 alitoka Zarqa na gari la umeme lililokwisha kutumika, la rangi ya maziwa. Jirani yetu Atallah, mwenye pikapu, alimpokea hapo njiani: "Abu Raji, na waya wa kilomita thelathini umenunua?"

"Nimenunua. Na wewe umeshanunua kisima cha petroli?"

Hakuwa mhubiri wa gari lile. Akienda Aqaba alipanda basi, wala hakuona haya. Alisema, "Hili ni la kwenda hospitali na kurudi, si la kwenda kuoa mbali." Na hospitali ndiyo ilikuwa shida yetu. Figo za Mitri zilikuwa zimekufa, naye alitakiwa kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki kule bondeni. Petroli ilikuwa inatumaliza. Tukakubaliana: umeme ni wa sola zangu za juu ya paa, gari lake, dereva yeye. Hakutoza nauli hata siku moja kwa miaka minane. Naomba niliseme tena hilo, walio nyuma wasikie. Miaka minane.

Sasa ule ugomvi. Gari lile likiteremka hujizuia lenyewe, na kule kujizuia kunarudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo sisi wa huku juu hatuondoki na betri iliyojaa. Ikijaa, umeme wa mteremko hauna pa kuingia, na uzito wote unaangukia breki. "Ishia asilimia themanini na tano, mwachie mlima nafasi," alisema. Mimi niliogopa Mitri asije akakwama njiani, nikaiacha ijae pomoni. Kwenye kona ya tatu breki zikatoa moshi, na marehemu akalisimamisha gari kwa kuliegemeza kwenye ukuta wa barabara, taratibu kama anayemlaza mtoto.

Pale mlangoni akanielewesha kwa lugha ya nyumbani: "Mgeni ukimjazia kikombe cha kahawa, umemfukuza. Na betri ni hivyohivyo."

Kwa kuwa nilikuwa nimekasirika, na ninajua kukasirika, nilikwenda jikoni nikamletea kahawa. Nikamimina mpaka mdomoni. Alikitazama kikombe, akakiweka chini.

"Hiki nakudai, Nuzha. Siku utakayokimimina sawasawa na kusema samahani, nitakunywa."

Tangu siku ile nyumbani kwangu alikunywa chai tu.

Januari 2022 theluji iliangusha nguzo na umeme ukakatika siku tatu. Sola zangu zimeungwa na umeme wa nguzo. Nguzo zikilala nazo zinalala, na juu yake kulikuwa na theluji ya kiganja kizima. Siku ya pili miguu ya Mitri ilikuwa imevimba, na pumzi yake nikaisikia kutoka chumba cha pili. Nilimkimbilia Atallah. Pikapu ilikuwa kavu, na kituo cha mafuta kilikuwa kimefungwa: petroli ipo chini ya ardhi, umeme wa kuivuta haupo.

Marehemu alifika na minyororo kwenye matairi. Betri ilikuwa na thelathini na moja.

"Hautoshi," nikasema.

"Wa kupanda hautoshi. Kushuka, mlima ndio unatupa. Lete mablanketi, kipasha joto siwashi. Mitri, ukitetemeka tetemeka kimya, nasikiliza matairi."

Tuliondoka na thelathini na moja. Tulifika bondeni, kwenye jua na migomba, tukiwa na thelathini na nane. Mitri aliingizwa kwenye mashine saa nne na nusu asubuhi, na mlinzi akatupatia soketi ya chumba chake tuchaji gari la kurudia. Mitri yupo, ameketi safu ya kwanza. Simama, Mitri, wakuone.

Agosti mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Irbid, kisha akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa tisa alasiri, Tamam akiwa amemshika mkono. Gari alimwachia Atallah, aendelee kumpeleka Mitri. Ndiyo, Atallah huyuhuyu. Akamwambia, "Waya umo kwenye buti."

Ameacha mjane, Tamam, watoto watatu, Raji, Hala na Basil, wajukuu watano, na mimi dada yake. Tunawashukuru nyote mliokuja.

Kahawa ya msiba mtapewa ukumbini. Wamiminaji, chini ya nusu, tafadhali.

Alhamisi kabla hajafa nilikwenda kwake na birika langu. Nikasema, "Samahani. Ilikuwa themanini na tano."

"Rudia. Sikio hili halisikii."

"Halisikii tangu lini?"

"Tangu 2017."

Nikarudia kwa sauti, mpaka Tamam akachungulia. Nikamimina theluthi ya kikombe. Nikakishika pamoja naye. Alikunywa funda moja, kisha akakitikisa kikombe kulia na kushoto, kama afanyavyo mgeni aliyetosheka, akanirudishia.

Lala salama, kaka. Hatudaiani.