Justus Mutua na Benchi ya Mbambakofi, Kisauni

Kefa Mutua, mdogo wa marehemu, amechukua vyombo vya karakana ya Kisauni kutoka kwa mwenyewe, na mwenyewe ni Mwikali, mjane. Alivichukua Jumatano asubuhi, marehemu akiwa bado chumba cha maiti. Mwikali aliposimama mlangoni kumzuia, Kefa alimsukuma akaangukia jiwe la kizingiti. Mdomo mnaouona leo umevimba haukuvimba kwa kulia. Hayo yatangulie, ndipo maisha ya marehemu yasomwe kwa heshima yake.

Justus Mutua alizaliwa tarehe 14 Machi 1921 huko Kilungu, wilaya ya Machakos, mtoto wa kwanza wa Mzee Mutua na Mama Ndunge. Tangu utoto alikuwa mrefu kuliko wenzake. Mama yake alisema blanketi lililomtosha Krismasi halikumfika miguuni Pasaka.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akajifunza useremala miaka mitatu kwa fundi wa misheni hiyo, aliyempiga vidole kwa rula kila pembe ilipokosa kukaa sawa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki vimepinda. Justus alipenda kuvionyesha kwa watu na kusema hicho ndicho cheti chake.

Mwaka 1945 alimwoa Mwikali, kanisani, Kilungu. Mwaka uliofuata alipanda gari la moshi kuja Mombasa, akaandikwa seremala bandarini. Mwikali alimfuata mwaka 1950 na Jerioth mgongoni. Mzee Mwinyihaji wa Kisauni aliwapa kiwanja cha kujenga, wao wamiliki nyumba, yeye abaki na ardhi yake.

Karakana ilianza Mei 1957, nyuma ya nyumba hiyo, na kila aliyewahi kuingia atakiri kwamba Justus alijua kupanga. Dirisha alilitoboa upande usiopigwa na jua, ili macho yaone mbao bila kufinywa. Benchi ikakaa chini ya dirisha. Mbao alizilaza juu ya mawe kwa sababu ya mchwa, nyembamba akazining'iniza darini karibu na moshi wa jiko ili zikauke. Misumeno ilikuwa na misumari yake ukutani, patasi zikapangwa kwa upana wake, na kinoo kiliwekwa pale ambapo mkono unakifikia mtu asihame. Kazi ya kubeba mawe, kuchemsha gundi na kupiga sakafu kwa nyundo ya mti siku tisa ilikuwa ya Mwikali, akiwa na mimba iliyotoka siku ya saba. Justus alimwambia apumzike. Siku ya nane hakumwambia.

Benchi ilitengenezwa humohumo ndani, kwa mbambakofi, mti mgumu unaokula meno ya msumeno. Justus aliipima kwa kiuno chake. Jiliwa la chuma la kubania mbao alilifunga pembeni kwa bolti nne.

Lakini Justus alitoka nyumbani alfajiri, akavuka daraja la Nyali kwa miguu, akarudi jioni amechoka. Maagizo yalimzidi. Mwikali alianza kwa kushika mbao, akaja kuzipiga msasa, akaja kuziranda. Kufikia mwaka 1959 vitanda vyote vilivyotoka Kisauni na jina la Mutua viliundwa na yeye mchana, Justus akaja kupiga vanishi jioni na kuvikabidhi. Wengi waliopo hapa wanalala juu ya kazi hiyo. Hakuna aliyeambiwa, na Mwikali alifunga mdomo kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Benchi ilimfika kifuani. Alisimama juu ya sanduku la majani ya chai, na sanduku likapinduka mara tatu. Mara ya tatu randa ilimchuna muundi hadi mfupa ukaonekana. Basi Jumatatu, tarehe 8 Agosti 1960, alipindua benchi chini juu, akakata kila mguu inchi tano. Kazi ile ilimla tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mchana huohuo, akiwa amesimama chini kwa miguu yake mwenyewe, aliranda mbao sita.

Jioni Justus aliinama juu ya benchi, mgongo wake ukamwambia. Aliokota kipande kimoja cha mguu uliokatwa, akampiga nacho Mwikali mkono wa kushoto. Mfupa ulilia kama tawi. Alipoanguka alimpiga tena begani, kisha akamtia mateke katika maranda, na maranda yakashika damu. Jerioth, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikimbia kumwita Mzee Mwinyihaji, naye akaja na msahafu mkononi, maana alikuwa akisoma.

"Mutua," alisema mzee, "kiwanja nilikupa uvunje mbao. Watu sikukupa."

"Mzee, amenikata miguu."

"Miguu yako unayo. Nimekuona ukiitumia."

Wiki iliyofuata Kefa aliitwa kutoka Changamwe kuamua, akaketi na wazee watatu wa kanisa. Mwikali aliletwa mkono ukiwa umefungwa vibanzi vya mbao. Kefa alisema mwanamke hana benchi, ana jiko, na aliyekata mguu wa kazi ya mume apige magoti aombe msamaha. Wazee watatu walitazama chai yao. Mwikali alipiga magoti. Kusimama tena, hakuna aliyempa mkono.

Justus alitia matofali chini ya benchi, ikarudi urefu wake. Miezi sita karakana ilinyamaza. Watu walifuata vitanda vyao, wakatukana, mmoja wa Kongowea akamwaga kopo zima la vanishi mlangoni. Mkono wa Mwikali uliunga umepinda, na haujanyooka hadi leo. Kisha asubuhi moja ya Februari 1961, kabla ya kwenda bandarini, Justus aliingia karakana peke yake. Mwikali alisikia benchi ikiburutwa. Alipokwenda kutazama, matofali yote manne yalikuwa nje, yamepangwa vizuri ukutani, na mume wake alikuwa ameshafika njia panda, hageuki. Hilo alilifanya, na lisemwe. Tangu siku hiyo hakumpiga tena kwa mti. Kwa mkono alimpiga.

Tarehe 24 Oktoba mwaka huu alikanyaga msumari wa kreti bandarini. Aliosha kidonda kwa mafuta ya taa, akaendelea na kazi. Baada ya siku nane taya lilianza kukaza. Ilikuwa pepopunda. Hospitali ilimweka chumba chenye giza, maana mwanga ulimshtua, na mlango ukifungwa tu mwili wake mrefu ulijikunja kama upinde, kichwa na visigino vikibaki kitandani, na manesi wanne wakamlalia. Alijiuma ulimi. Jumapili, meno yakiwa yameachana kidogo, alimwita Kefa, huku Mwikali na Jerioth wamesimama pale.

"Kefa, mdogo wangu. Karakana ni ya Mwikali. Vitanda ni vyake, tangu zamani. Usiinyanyue ile benchi."

Kefa akajibu, "Ndiyo, kaka."

Justus alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 1963, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili. Kesho yake Kefa alifika na mkokoteni na wachukuzi wawili. Alichukua jiliwa, randa tatu, misumeno, patasi na keekee ya kutobolea. Benchi ilimshinda, kwa kuwa iliundwa ndani na mlango hauitoi. Alisema mazishi yakiisha atarudi na shoka.

Marehemu ameacha mjane, Mwikali. Mabinti wawili, Jerioth na Mbithe. Mama yake, Ndunge wa Kilungu. Na mdogo wake mmoja, Kefa.

Deni la mkono wa Mwikali lilikuwa la Justus mwenyewe, naye hawezi tena kulilipa. Mwikali hajasema amelisamehe, na asisemewe. Wazee watatu wa kanisa, ambao wawili wao wameshika kamba za jeneza, wanadaiwa maneno ambayo hawakuyasema walipotazama chai. Kefa anadaiwa vyombo vyote, virudi kila kimoja mahali pake, na shoka libaki Changamwe. Lakini kabla ya vyombo anadaiwa kitu chepesi zaidi: asimame hapa, atueleze kaka yake alimwambia nini Jumapili ile, na yeye alijibu nini.

Mungu ampe Justus mapumziko ambayo nyumba yake haikuyapata. Mchanga usitiwe kwanza. Kefa anasubiriwa.