Kwa Kuwa ni Mazoezi

ZAITUN: Haloo? Nani mwenzangu?

IKRAM: Eh, dada Zaitun! Mdogo wako wa tumbo moja umeshamfuta kwenye simu? Ni Ikram. Shikamoo.

ZAITUN: Marahaba. Jua linapiga kioo, sikuona jina.

IKRAM: Habari za Kondoa?

ZAITUN: Nzuri.

IKRAM: Mwanangu Masudi, kichanga chetu, hajambo?

ZAITUN: Hajambo.

IKRAM: Na shemeji Nurdini?

ZAITUN: Yuko Kibaigwa na mahindi yake. Anapiga simu Ijumaa hadi Ijumaa. Nawe, daktari wa chuo cha Chimwaga?

IKRAM: Nesi, dada, usinipandishe cheo. Sikia, nina shida. Jumatatu tunapelekwa vijiji vya kule Mvumi kuwauliza maswali wanawake waliojifungua. Mkufunzi kasema nayasoma kama polisi anayechukua maelezo. Nataka nikufanyie mazoezi wewe.

ZAITUN: Maswali ya nini?

IKRAM: Ya moyo. Ile huzuni nzito inayomshika mtu akiwa na mimba, au akishajifungua. Sisi tunaiita sonona. Haloo? Dada? Huu mtandao jamani—

ZAITUN: Nipo.

IKRAM: We jibu chochote. Ni mazoezi tu, hakuna anayeandika.

ZAITUN: Hakuna anayeandika?

IKRAM: Wallahi. Niko na Lydia tu hapa chumbani, na yeye kaziba masikio na kwaya zake.

ZAITUN: Mama mkwe naye kaenda mnadani. Haya. Kwa kuwa ni mazoezi.

IKRAM: La kwanza. "Katika siku saba zilizopita, umeweza kucheka na kuona mambo ya kuchek—"

ZAITUN: Hapana.

IKRAM: Subiri nimalize! Kuna majibu manne, unachagua. Kama zamani, siyo sana kama—

ZAITUN: Hapana kabisa. Hilo lipo?

IKRAM: Lipo. [anacheka] Unaigiza vizuri wewe. La pili. "Umekuwa ukiyasubiri mambo kwa furaha?"

ZAITUN: Mambo gani?

IKRAM: Yoyote. Arobaini, kwa mfano. Si ndiyo utatoka ndani, uvae lile dera lako la kijani tukuone?

ZAITUN: Nimeligawa.

IKRAM: Dera la kijani? Kwa nani?

ZAITUN: Kwa wifi. Na vitenge pia. Endelea.

IKRAM: Lakini dada, lile dera—

ZAITUN: Uliza, Ikram.

IKRAM: Haya... La tatu. "Umejilaumu bila sababu mambo yalipokwenda vibaya?"

ZAITUN: Maziwa hayatoki. Mtoto analia mpaka sauti inamkauka. Mama mkwe anasema titi halimkatai mtoto, mama ndiye anayemkataa. Sasa hapo nachagua lipi? Bila sababu, au kwa sababu?

IKRAM: Dada, hii ni kweli?

ZAITUN: Si umesema nijibu chochote?

IKRAM: Mbona kliniki hukuwaambia?

ZAITUN: Nesi aliniuliza, "Mama, hujambo?" Mama mkwe kakaa ubavuni kwangu kampakata mtoto. Ungesemaje? Hata msibani mtu akiulizwa habari anajibu nzuri kwanza, ndiyo baadaye anataja maiti. Na mimi nikasema sijambo. Nikangoja aniulize tena. Akaita mwingine.

IKRAM: Yarabi... Sikusikii vizuri, kuna kitu kinavuma. Ni mtandao?

ZAITUN: Ni upepo.

IKRAM: Upepo ndani ya nyumba? Dada, arobaini bado. Unafanya nini nje? Uko wapi?

ZAITUN: Kisimani.

IKRAM: Kisimani? Nani kamtuma mzazi maji? Huyo bibi leo nita—

ZAITUN: Sikuja na ndoo.

IKRAM: Masudi umemwacha na nani?

ZAITUN: Yuko mgongoni. Kalala. Hujui ukimya huu ulivyo mtamu, mdogo wangu.

IKRAM: Dada! Ondoka hapo! Rudi nyuma, dada, nakuomba, rudi—

ZAITUN: Usipige kelele. Ataamka.

IKRAM: Sipigi. Sipigi kelele. Umerudi nyuma?

ZAITUN: Niulize lile la mwisho. Kuna la mwisho, najua.

IKRAM: Siulizi.

ZAITUN: Uliza!

IKRAM: "Umewahi... umewahi kuwaza kujidhuru?"

ZAITUN: Ndiyo. Haya, majibu yake manne ni yapi?

IKRAM: Siyataki majibu! Nakutaka wewe! Naogopa, dada. Uliuza karanga mnadani ili mimi nivae sare ya shule. Nani atanivisha mimi joho nikihitimu? Nani?

ZAITUN: [analia] Nimechoka, Ikram.

IKRAM: Najua. Sikia, ni ugonjwa huo, siyo wewe. Una dawa, una watu wa kuzungumza nao, sijakudanganya tangu nizaliwe. Mwalimu Anjelina, yule jirani yako, leo Jumamosi si yupo?

ZAITUN: Yupo, anafua. Nayaona mashuka yake kambani.

IKRAM: Yafuate hayo mashuka.

ZAITUN: Nitamwambia nini? Mzazi mbichi, nazurura na mtoto juani...

IKRAM: Usimwambie kitu. Mpe simu, nitasema mimi.

ZAITUN: Miguu haitaki.

IKRAM: Basi kuna maswali nimeyaruka. Nakuuliza, unajibu huku unatembea. Sawa?

ZAITUN: ...Sawa.

IKRAM: Usingizi unapata?

ZAITUN: Hapana. Akilala nakaa namsikiliza kama anapumua.

IKRAM: Unatembea?

ZAITUN: Natembea.

IKRAM: Unalia?

ZAITUN: Sasa hivi ndiyo. Tangu azaliwe nilikuwa sijalia.

IKRAM: Lia, dada, lia tu, lakini usisimame. [tii!]

ZAITUN: Nini hicho?

IKRAM: Dakika zinaisha. Lydia! We Lydia, toa hayo madude masikioni, nipe simu yako! Dada, ikikatika usirudi nyuma. Nitakupigia kwa namba ya Lydia, pokea hata kama huijui. Umesikia? Usirudi—

ZAITUN: Ikram, usichele—

[Imekatika. Simu inaita. Inaita. Inaita.]

ZAITUN: Haloo?

IKRAM: Ni mimi! Uko wapi?

ZAITUN: Penye mashuka. Ameniona. Anakuja, ana mapovu mpaka kwenye viwiko.

IKRAM: Alhamdulillahi. Ambebe Masudi, akushike mkono, mwende hospitali. Leo hii. Mimi natoka kuwahi basi la Kondoa.

ZAITUN: Ataniuliza habari, Ikram. Nitasema nzuri. Najijua, nitasema nzuri.

IKRAM: Basi tufanye mazoezi. Dada Zaitun, habari yako?

ZAITUN: Mbaya.

IKRAM: Tena.

ZAITUN: Mbaya, mdogo wangu. Mbaya sana.

IKRAM: Hivyo hivyo. Na yeye mwambie hivyo hivyo, kabla ya—

ZAITUN: Kafika. Usikate.

IKRAM: Sikati.

ZAITUN: [mbali kidogo na simu] Salama, mwal— Hapana. Siyo salama, mwalimu. Mpokee mtoto kwanza.