Mama Naomba na Nyumba za Wakunga

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, tembea polepole. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuwahi kuingia kwenye chumba bila kuomba kitu, na mara nyingi hakutoka bila kukipata. Tulimzoea kwa jina la Mama Naomba. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tumemzika Jumamosi.

Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Mama Naomba ametutoka. Ndiye aliyefanya wodi ya wazazi ya kijijini kwake ipate wakunga, na wakunga wenyewe wakakaa. Mimi leo sikuja kulia sana. Nimekuja kushukuru.

Jina hilo alipewa na madereva wa malori. Alianza maisha akiuza chai njiapanda, na dereva akimaliza kikombe tu, anasikia, "Baba, ukirudi naomba unishushie mfuko mmoja wa saruji, nitakulipa kidogo kidogo." Dereva anacheka. Akirudi, anashusha saruji. Ndivyo ilivyosimama nyumba yake ya kulala wageni, gesti ya vyumba sita, chumba kimoja kimoja, kwa chai na mdomo. Shuka zimepigwa pasi, maji ya kuoga yapo asubuhi. Na alikuwa na desturi yake. Mgeni harudishi ufunguo kabla hajajibu swali: "Naomba uniambie ukweli, mwanangu. Kitu gani kimekukera?" Ukisema kitanda kinalia, fundi anaitwa siku hiyohiyo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kijiji kilikuwa na zahanati, lakini hakikuwa na wodi ya wazazi. Mama akishikwa na uchungu, ni pikipiki hadi hospitali ya wilaya, mume nyuma anamshikilia asianguke. Barabara zetu mnazijua. Wapo waliofika. Wapo waliojifungulia njiani. Wapo ambao hawakurudi. Basi wanakijiji wakachanga, wafadhili wakaongeza, wodi ikajengwa. Vitanda vipya, vigae vinang'aa. Siku ya uzinduzi hotuba zilikuwa ndefu kuliko wodi yenyewe.

Baada ya hotuba, mlango ukatiwa kufuli.

Kwa nini? Hakukuwa na mkunga. Ofisi ya afya ilileta wa kwanza, akaondoka. Ikaleta wa pili, akaondoka. Mwenyekiti wa kamati ya wodi ni mdogo wake Mama Naomba, tumbo moja. Ameniambia mwenyewe, "Mtangazaji, mimi nilikuwa wa kwanza kuwasema. Nilisema wasichana wa siku hizi wanataka mjini tu, wakapige picha."

Lakini wakunga hao walikuwa wanalala wapi? Gesti, kule njiapanda, mbali na wodi. Kwa hiyo dada mtu alikuwa akijua ambayo kamati haikujua. Wa tatu alikuja na mtoto mdogo mgongoni. Naye alipofunga mizigo, akaulizwa lile swali. Akajibu, "Mama, kwako sijakerwa na kitu. Ila nikiitwa usiku, nitembee porini peke yangu? Na huyu mtoto nimwache na nani?"

Mama Naomba akashika begi lake. "Naomba usipande gari leo. Nipe hadi mvua zianze. Zikinyesha huna nyumba, begi nitakubebea mwenyewe."

Siku hiyohiyo akaenda kwenye kikao cha kamati. Akaomba zijengwe nyumba za wakunga, karibu kabisa na wodi. Wafadhili walikwishasema fungu lao ni la wodi, limekwisha. Ofisi ya afya ilisema inaleta watumishi, nyumba hazimo kwenye bajeti ya mwaka huu. Kamati ikasema watu wamechoka kuchanga. Kila mmoja alimrushia mwenzake mpira, na hakuna aliyekuwa mwongo, na wodi ikabaki na kufuli lake.

"Dada alitutazama," anasema mwenyekiti. "Akasema, 'Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyie mnataka kupona bila mgeni.' Akasimama, akatoka. Hapo nilijua mambo yameharibika, maana alitoka bila kuomba chochote."

Asubuhi yake Mama Naomba alimpandisha fundi juu ya paa la gesti. Mabati yakashuka. Mbao zikashuka. Milango, madirisha, vitasa, mpaka sinki. Vyote vikapakiwa kwenye lori, na lori lenyewe la kuomba; mkunga na mtoto wake akawahamishia kwake kwa muda. Wasikilizaji wapendwa, narudia ili mnielewe: aliibomoa gesti yake mwenyewe, iliyokuwa ikimlisha, ili wakunga wapate pa kulala.

Binti yake, mtoto pekee tuliyemjua, alifika mbio. Ninayo maneno yake hapa. "Nilimpigia mama kelele mbele za watu. Nikasema, 'Mama, gesti hii ndiyo urithi wangu! Wewe utakula nini? Mimi nitakula nini?' Akanikalisha juu ya rundo la milango. Akaniambia, 'Mwanangu, wewe si kifungua mimba. Kabla yako alikuwepo kaka yako. Mimi na baba yako tulikuwa tumefika nusu ya njia ya hospitali.' Umri wangu wote sikuwahi kuambiwa. Nililia mpaka nikachoka. Halafu nikachukua nyundo, tukaanza kung'oa misumari kwenye mbao."

Mimi nilimfahamu siku hizo hizo. Alipiga simu kwenye kipindi cha salamu, akasema, "Mtangazaji, naomba dakika mbili." Nikampa. Kipindi kikaisha. Aliomba magodoro, akaomba saruji, akaomba bomba la maji, akamwomba na bosi wangu, hewani, apunguze matangazo ya sabuni ili watu wamsikie vizuri. Nikajua kazi sina. Kesho yake mapokezi ya redio hapakupitika kwa magodoro, na bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa anayapanga.

Kijijini nako aibu iliwashika. Walioapa kwamba wamechoka kuchanga walitokea na makoleo. Mwenyekiti alibeba maji ya kukorogea saruji, na dada yake hakumwachia hata siku moja apumzike. Nyumba mbili zilisimama hatua chache kutoka wodini, paa juu, kabla ya mvua. Milango ina namba za gesti mpaka leo. Mkunga akahamia, na mtoto wake. Wa nne akaja kuungana naye. Kufuli likatoka.

Na msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa king'ang'anizi. Aliiomba ofisi ya afya saa yao ya ukutani, kwa sababu wodi haikuwa na saa, na hakuondoka mpaka ikashushwa ukutani, akaondoka nayo kwapani. Tangu siku hiyo, wakimwona getini, walificha hata viti. Gesti hakuijenga tena. Alirudi kwenye chai, safari hii nje ya wodi, na zamu za usiku mtoto wa mkunga alilala kwake. Maisha yalimbana, nisiseme uongo. Uhamisho wa mkunga ulikuja. Mkunga akaukataa. Ukaja tena, akaukataa tena.

Jumamosi tulikwenda kuzika. Makaburini palijaa. Watoto waliozaliwa kwenye wodi ile walikuja na sare za shule. Tukamtafuta yule mkunga wa tatu, hayupo. Minong'ono ikaanza. "Mtu aliyelelewa mtoto wake! Hata kutupa udongo?" Simu ya binti ikaita. Akasikiliza, akafuta macho, akatuambia, "Mkunga anaomba radhi. Ana mama mkononi, mtoto kakaa vibaya, hawezi kumwacha. Yuko zamu."

Watu walipiga makofi. Tena makaburini. Sijawahi kuona jambo kama hilo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa binti yake, pole sana. Kwa mwenyekiti, kaka yetu, pole sana. Kwa wakunga wote wawili, mmefiwa kama wengine, poleni na asanteni. Mwenyezi Mungu ampumzishe mama yetu mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, kwenu yupo mtu aliyeacha kwao akaja kuwahudumia. Usisubiri aondoke ndipo umseme. Mfikirie leo, kabla hujalala.

Asante, Mama. Kutoka moyoni, asante.

Najua mtaniuliza, kwa hiyo nilikwenda wodini jioni ile kabla ya kurudi. Mkunga alitoka mlangoni amechoka, mikono bado imelowa. Akaniambia mama mzima, mtoto mzima, na akaniuliza kaburi la Mama liko upande gani.