Mwezi Uliorudi: Safari ya Mama Kahongya Jokébed

Wapendwa mliopanda mlima huu pamoja nasi ndani ya ukungu wa asubuhi, wachungaji, wazazi, mashemeji, wamama wa soko, nanyi watoto mlioketi mbele kwenye mkeka, mimi ni Agar Kasika, mdogo wake marehemu, mwalimu wa mwaka wa kwanza hapa Butembo, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya yaya wangu, dada yangu mkubwa, nami nitasoma polepole, ili hata aliye nyuma kabisa apate kusikia.

Kahongya Jokébed alizaliwa Musienene tarehe 24 Machi 1968, mtoto wa tatu wa Baba Éliakim, mkulima na shemasi, na Mama Elsa, ambao wote wawili wametutangulia. Mama alituambia kwamba alimzaa asubuhi, na kwamba mwezi ulikuwa ungali angani, mweupe na mwembamba kama ukucha wa mtoto, kwa hiyo yaya alikua akiamini kwamba mwezi ule wa mchana ni wake. Tulipokuwa tukipalilia viazi aliinua kichwa, akautafuta juu ya vilima, na akiupata aliukemea, "We, umechelewa kulala," nasi tulicheka, kisha ukungu ukashuka, na ilikuwa kana kwamba shamba na mwezi na yeye mwenyewe vimezama pamoja ndani ya maziwa.

Alianza masomo ya msingi Musienene mwezi wa Septemba 1974, akayamaliza Julai 1980, akaja Butembo kwa sekondari, akapata diploma ya taifa katika ualimu Julai 1986. Alifundisha Vuhovi kwa miaka miwili, lakini sauti yake, alivyosema mwenyewe, ilikuwa kubwa kuliko darasa, ilitaka soko, ndipo akaingia katika biashara ya maharagwe na viazi, akinunua Musienene na Vuhovi, akiuza Beni na hata Eringeti, na wengi wenu hapa mlimjua mkiwa mmeketi juu ya magunia yake.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa kanisani, mjini Beni, na Baba Luc Mathe, seremala, na Mungu akawapa watoto watatu, Bénite ambaye ni muuguzi, Ésaïe na Syauswa, na baadaye wajukuu sita. Waliishi Beni hadi mwaka 2014, vita ilipokaribia mlango, wakahamia hapa Butembo, lakini hakuiacha barabara ile ya biashara yake.

Na sasa, wapendwa, nafika kwenye sehemu ambayo yeye mwenyewe aliomba isirukwe. Sisi wamama wa huku, damu ya kila mwezi tunaiita mwezi tu, na mwaka 2019 mwezi wa yaya ulianza kupotea njia, ukija, ukikosa, na mahali pake pakaja joto, lililopanda kutoka kifuani hadi usoni kama mtu amefungua mlango wa tanuru. Mwaka ule, mnakumbuka, Ebola ilikuwa kati yetu, na kwenye kila kizuizi cha barabara tulinawa mikono na kupimwa kwenye paji la uso, basi siku moja ya Aprili, akienda Beni, joto lilimkamata palepale kwenye foleni, jasho likamtiririka, na kijana wa kipimo akarudi nyuma.

"Mama, uko na moto! Simama pembeni!"

"Moto ni yangu mwenyewe, mutoto wangu, inawaka inazimika. Unipatie kiti, utapima tena."

Watu walikimbia foleni, akabaki yeye peke yake kwenye kiti cha plastiki, akijipepea kwa kitenge, na alipopimwa tena kipimo kilikuwa cha mtu mzima wa afya, kijana akamruhusu kupita, na mama mmoja asiyemjua akamfuata hadi kwenye gari, akamnong'oneza, "Hata mie, mama, ile moto niko nayo, nilizania nakufa." Kutoka siku ile yaya alisema kwamba kuna wamama wengi barabarani wanaotembea na moto wao kimya kimya, na hakuna aliyewahi kuwaambia unaitwaje.

Mwezi wake ulikoma kabisa karibu na Pasaka ya 2020, usingizi ambao joto lilimnyima ukarudi kidogo kidogo, na kwa zaidi ya miaka minne aliishi kwa utulivu, akisema kwamba ule wa angani sasa unamtosha. Kisha, Agosti 2024, damu ilirudi. Na sisi, ndugu zake na mashemeji zake, tulifanya jinsi familia nyingi za kwetu zinavyofanya, tulifurahi, kwa sababu tumefundishwa kwamba mama ambaye mwezi umemrudia amerudishiwa ujana, kuku akachinjwa, wengine wakampigia vigelegele jikoni, "Bibi-arusi! Luc atafute kitanda mupya!" naye akacheka kuliko wote, akaendelea na magunia yake, na damu ikaendelea kuja na kwenda.

Mwezi wa Aprili 2025, waganga wa hospitali na wauguzi waliokuwa wakifanya utafiti juu ya afya ya wamama waliopita umri wa kuzaa waliwaalika wamama katika ukumbi wa kanisa letu, na Bénite akamsindikiza mama yake. Waliulizwa juu ya joto, usingizi, mifupa, moyo na huzuni, wakaambiwa mambo ambayo utafiti wa nchi nyingi umeonyesha, kwamba joto lile laweza kudumu miaka saba au zaidi, kwamba si laana wala wazimu, kwamba mifupa hupungua nguvu na moyo unahitaji kuangaliwa, na yaya alifurahi kama mtoto aliyejua jibu. Kisha muuguzi akauliza, "Mama, kisha kukaa mwaka mzima bila mwezi, damu ilirudia?"

"Imerudia, na kuku nilishakula! Unaona bibi-arusi huyu?"

Ukumbi wote ulicheka, ila muuguzi hakucheka, aliweka kalamu chini, akamshika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kesho asubuhi uko unaenda kwa munganga, na miye nitakusindikiza." Yaya aliniambia kwamba kicheko kilikuwa bado kinazunguka ukumbini naye alikuwa tayari ameelewa, na kwamba kupitia dirishani aliuona mwezi wa mchana, mweupe, ukiwa umechelewa kulala.

Ilikuwa kansa ya mfuko wa uzazi, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Alipasuliwa tarehe 19 Mei, akapata nguvu kwa majira mafupi, na majira hayo aliyatumia kuzunguka soko la Musienene, Vuhovi, na makanisa ya Beni, akiketi juu ya magunia ya wengine na kuwaambia wamama, "Mwezi ikikurudilia, usichinje kuku, enda hospitali. Pengine ni kitu kidogo tu, lakini huyo kuku hatakuambia."

Alilala usingizi wake wa mwisho Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa Baba Luc. Alikuwa ameniagiza nisiseme kwamba alikufa kwa ugonjwa wa muda mrefu, niutaje kwa jina lake. Juzi, katika kikao cha familia, Baba Kakule, mkubwa wa mume wake, ambaye namheshimu kama baba, alisema, "Mambo ya mwezi hapana ya kusoma mbele ya wachungaji na bakwe," lakini Baba Luc akajibu, "Kaka, kuku tulikula mbele ya watu, sasa hii tutaificha kwa nani?" Baba Kakule akanigeukia, akaniambia, "Basi soma, mwalimu. Lakini soma polepole, basikie."

Nimesoma polepole, baba.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, na yule aliyeweka kalamu chini, tunawashukuru majirani waliotuletea kuni na maji bila kuitwa, wamama wa soko waliofunga vibanda vyao leo, kwaya, wachungaji, na walimu wenzangu. Na tunamshukuru mama mmoja, ambaye jina lake halitatajwa, aliyekuja kuketi nasi matangani, akanivuta nyuma ya nyumba, akaniuliza swali moja juu ya mwezi wake, na asubuhi hii hayupo kati yetu, kwa sababu Bénite, badala ya kumzika mama yake, amemsindikiza huyo kwa daktari, na nadhani yaya angechagua hivyo hivyo.

Leo, tulipokuwa tukipanda, niliutafuta mwezi wako juu ya vilima, yaya, sikuuona. Umeenda kulala kwa wakati wake. Nawe lala, dada yangu, magunia yako yamefika, moto umezimika, pumzika katika amani ya Bwana.