Absalom Oketch na Mtambo Uliosema Yuko Hapa

Ndugu waombolezaji, Mzee Absalom Oketch alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa Asembo Bay, akasoma hadi darasa la nane, akaajiriwa na reli mjini Kisumu mwaka 1957 kutuma na kupokea simu za maandishi, kazi aliyoifanya miaka thelathini, na tarehe 6 Agosti 1966 akafunga ndoa na Dorca Anyango, wakajaliwa pacha, Apiyo na Adongo, kisha Beldina.

Alipostaafu mwaka 1987 aliunda, ndani ya mkebe wa majani chai, mtambo mdogo wa redio uliotumia betri ya gari na waya uliotandazwa kati ya miti miwili, nao kila dakika kumi ulituma kwa milio mifupi na mirefu ya Morse herufi za kituo chake tu, ili msikilizaji wa mbali ajue mawimbi yanafika, na kadi za waliousikia, hata kutoka Ufini, alizibandika ukutani kando ya leseni yake ya redio.

Alhamisi tarehe 7 Aprili 1994, saa kumi jioni, radi iliua watu wawili waliokuwa wakianua dagaa wa omena ufuoni, mmoja wao ndugu wa jirani yetu Oduor, na kesho yake mchana watu wapatao arobaini wakaingia bomani na mapanga, wakidai waya ndio ulioita radi.

"Mzee, zima hiyo kitu!" Oduor alisema huku akilia.

Mzee, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kuuzima hata siku moja, alisimama mlangoni. "Hii haiongei na radi, Bwana. Inasema tu mimi niko hapa."

"Basi iite daktari!" mwingine akacheka, na jiwe la kwanza likampasua Mzee mdomo, panga likamkata mkono wa kulia kwenye kifundo, wakamfunga kwa waya ule ule, wakamburuta hadi ufuoni, wakatupa mkebe majini, wakachoma nyumba.

Familia imeombwa iandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Hakuugua. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Aprili, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwa kupasuka fuvu kwa mawe.

Tunawashukuru madaktari waliomshona kwa saa sita, wenzake wa reli walioleta jeneza, na jirani yetu Mama Nekoye aliyemsukuma kwa mkokoteni hadi barabarani, akarudi kuutafuta mkebe kwenye mafunjo. Majirani wengine mliokuja leo, tunawaona.

Adongo ameukausha mkebe na kutandaza waya mpya, na jeneza likishashuka, Dorca atauwasha.

Lala salama, Baba, umefanya zamu yako. Sasa ni sisi tutakaosema tuko hapa.